Sehemu ya Sitini na Tatu

Siku ya nne baada ya mazishi, Matroni alishuka garini na masanduku mawili, akayaburuta mwenyewe hadi mlangoni kwa mkwewe, akakataa kupokewa, kisha akanyoosha mkono. Haukuwa mkono wa salamu.

"Simu," alisema.

"Karibu mama. Pole na safari."

"Safari haikunichosha. Kinachonichosha kiko mfukoni mwako. Simu."

Fundi aliitoa. Matroni aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia, akaifunga ndani ya kitambaa, akaitia katika sanduku dogo na kulipiga kufuli. Ufunguo aliuning'iniza shingoni kwa uzi, pamoja na msalaba wake wa bati. Tangu siku hiyo, kila alipotembea, ufunguo na msalaba viligongana, na Fundi alijifunza kumsikia kabla hajamwona.

Alikuwa mama mzazi wa marehemu mke wa Fundi, na jina la Matroni halikuwa la utani. Kwa miaka ishirini na saba alisimamia bweni la wasichana, na hapakuwa na mahali ambapo binadamu angeweza kuficha kitu yeye asipajue: ndani ya mkate, chini ya soli ya kiatu, kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Alipenda kusimulia kwamba msichana akificha kitu, yeye hakumuuliza. Alikwenda tu kukaa juu ya kitanda chake, akanyamaza, akangoja. "Mwenye siri hawezi kunivumilia nikikaa kimya," alisema. "Wengi walisema kabla ya kengele ya chakula. Mmoja alinichukua siku tisa, lakini naye alisema."

Fundi alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi tangu alipooa. Ilimpasa kuikumbuka.

Mapatano yalikuwa yamefanyika siku moja kabla, Matroni akiwa hajaenda kwake kufungasha, sebuleni, mbele ya mchungaji na ndugu wachache waliobaki. Matroni alikuwa amesimama katikati ya chumba, hakutaka kiti. Alisema wazi kwamba anamchukua mjukuu wake. Mjukuu alikuwa msichana wa miaka kumi, na kwa kuwa alijifunza kutembea kando ya mashine ya kuchomelea vyuma, watu wote walimwita Cheche.

"Mtoto wa marehemu mwanangu hatakaa na mlevi," Matroni alisema.

"Mimi sinywi, mama," Fundi alijibu.

"Wanaokunywa hulala, wakaamka. Wewe uliamka lini?"

Mchungaji alikohoa, akaomba wasali kwanza. Baada ya sala alitoa shauri. Shule zilikuwa zimefungwa kwa wiki sita. Matroni akae pale nyumbani wiki zote hizo. Fundi akizimaliza bila kutazama hata kipande kimoja cha burudani yake ya mtandaoni, mtoto abaki na baba yake. Akianguka, mtoto aende na bibi yake, na pasiwe na maneno.

"Hata dakika moja," Matroni alisema.

"Hata dakika moja," Fundi alikubali.

Wote waliitikia amina, isipokuwa Cheche, ambaye alikuwa nyuma ya pazia na hakuna aliyemuuliza.

Lazima kusema ni nini kilichowafikisha hapo. Mke wa Fundi alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya kumi na mbili, mchana, Fundi alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akitazama tamthilia kwenye simu. Ilikuwa tamthilia ya familia moja ya matajiri wanaogombania nyumba, yenye sehemu mia moja na ishirini, kila sehemu ikikatwa palepale moyo unapotaka iendelee. Yeye alikuwa amefika ya sitini na tatu. Muuguzi alipopita saa kumi kasoro robo, ndiye aliyegundua kwamba mgonjwa amekata roho. Na mama wa kitanda cha pili ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba marehemu aliomba maji, akaomba tena, na mume wake hakuinua kichwa.

Fundi aliwaeleza ndugu, akamweleza mchungaji, akamweleza na mkwewe huku akilia, kwamba alikuwa amevaa hedifoni na hakusikia kitu. Daktari naye alisema maji yasingebadilisha lolote, moyo ulikuwa umechoka. Huenda. Lakini kiu haipimwi na daktari. Mwanamke yule alikufa na kiu, na mume wake alikuwa umbali wa mkono.

Hakuwa mtu mbaya. Aliimba sauti ya nne kwenye kwaya, na milango ya chuma ya kanisa lao aliitengeneza yeye kwa mikono yake. Hata simu aliinunua kwa ajili ya kazi, kwa sababu siku hizi mteja haelezi geti kwa mdomo, anatuma picha. Alipotafuta picha za mageti, alimpata fundi wa mbali anayechomelea kwa ustadi, akamtazama. Yule fundi akamleta mchekeshaji. Mchekeshaji akawaleta wasichana wanaocheza muziki, nao wakaleta mambo ambayo mtu aliyeokoka hayaandiki. Fundi alitubu kwa machozi, akaanguka, akatubu, akaanguka. Mara ya tatu aliamua kutazama tamthilia tu, kwa kuwa humo kila mtu amevaa. Ibilisi aliwavalisha nguo watu wa kwenye kioo cha simu, na Fundi akadhani ameshinda.

Sasa kioo kilikuwa ndani ya sanduku. Mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, Matroni alilifungua, akampa simu Fundi aliyeketi kwenye kigoda katikati ya ukumbi, na yeye akasimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani.

"Hiyo ni nini?"

"Picha ya dirisha, mama. Mteja anataka maua hapa juu."

"Na hiyo nyekundu inayorukaruka hapo pembeni?"

"Tangazo."

"La nini?"

"Sijui mama, sijalibonyeza."

"Kidole chako kinalijua. Kimeshaanza kwenda. Lete."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana Fundi alichukia. Kidole gumba chake kilikuwa na akili yake chenyewe. Akiwa ameshika bati, kilisogea juu ya bati. Akiwa kanisani, kilisogea juu ya jalada la kitabu cha nyimbo, kutoka chini kwenda juu, chini kwenda juu, kama kinafuta vumbi. Siku za kwanza alishikwa na hasira za ajabu. Alimfokea Cheche kwa sababu ya chumvi. Alimpigia kelele mteja. Alipiga magoti kuomba, na katikati ya "Baba yetu" akajikuta anajiuliza kama yule mke mdogo kwenye tamthilia alifanikiwa kuiba ule wosia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Matroni alimwambia mezani, "na cha kwako kina chaja."

Fundi alisukuma sahani. "Mama, nakuheshimu. Lakini ukinisema hivi mbele ya mtoto, atanionaje?"

"Atakuona jinsi mama yake alivyokuona. Kisogo."

Karakana yake ilikuwa uani, chini ya mabati, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Hapo palikuwa na desturi moja ambayo Cheche aliijua kabla hajajua kuhesabu. Kila mara Fundi alipotaka kuwasha mwali, alipaza sauti: "Macho!" Aliyekuwa karibu aligeuka au kufumba, bila kuuliza. Mwali wa kuchomelea hauumi wakati unautazama. Ni mzuri, unavuta, ni wa buluu kama kitu cha mbinguni. Maumivu huja saa nyingi baadaye, macho yakawa kama yamejazwa mchanga. Ndiyo maana anayetazama mara ya kwanza hurudia kutazama.

Matroni alipofika alidharau. "Mimi nimesimamia wasichana mia mbili, nitaamrishwa kufumba macho na mkwe?" Siku ya pili alisimama mlangoni akautazama mwali mpaka ukazimika. Alipoamka alfajiri hakuweza kufungua kope. Fundi alimletea kitambaa cha maji baridi, akakiweka mlangoni pa chumba chake, akaondoka. Matroni alikitumia, wala hakushukuru. Lakini kuanzia hapo, "Macho!" ikisikika, aligeuka ukutani haraka kuliko Cheche.

Wiki ya tatu ikaja kazi ya jirani. Upande wa pili wa barabara palikuwa na kinyozi, mtu wa maneno mengi, aliyetundika televisheni mkabala na kioo chake kikubwa na kuiunganisha na mtandao ili wateja wasichoke kungoja. Wezi walikuwa wamempitia dirishani, akataka grili.

"Karibu mfungwa!" Kinyozi alipaza sauti Fundi alipoingia na futi yake ya kupimia. Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakacheka. "Nasikia umeoa tena, safari hii umeoa askari!"

"Nipime dirisha niondoke," Fundi alisema.

"Pima, pima. Mimi naendelea na tamthilia yangu. Si ndiyo hii uliyokuwa unaniambia? Wewe uliishia ngapi vile?"

Fundi alipima upana wa dirisha, akaandika kwa chaki kwenye kiganja. Nyuma yake muziki ukaanza, ule muziki wa vinanda anaoufahamu, na mgongo wake wote ukausikia. Alipandisha futi kupima urefu.

"Sitini na tatu!" Kinyozi alikumbuka. "Aisee, hukuona basi! Yule mke mdogo, kumbe siku zote alikuwa..."

Macho ya Fundi yaliinuka. Kwenye kioo kikubwa cha kunyolea aliuona uso wa yule mwanamke, mkubwa kuliko wa mtu, ukitokwa na machozi. Kwa muda wa pumzi moja hakuna kitu kingine kilichokuwapo duniani. Kisha aliiachia futi pale pale dirishani, akatoka mbio, akavuka barabara bila kutazama magari.

"Amekimbia kama Yusufu!" Kinyozi alipiga kelele huku nyuma. "Ila Yusufu aliacha vazi, huyu kaacha futi!"

Hapo ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo fundi mwenye akili zake hafanyi. Alikuwa na upana, hakuwa na urefu, na kurudi kule hakuweza. Alisimama uani kwake, akalitazama dirisha la kinyozi kwa mbali, akakadiria kwa kimo chake mwenyewe. Akakata nondo, akachomelea, akapaka rangi, na wiki ya sita ilipoanza akaituma grili kwa mkokoteni wa kukodi, yeye hakwenda.

Ilikuwa fupi kwa shibiri nzima.

Lakini wakati huo kulikuwa na mambo mengine nyumbani ambayo Fundi aliyaona bila kuyaelewa. Chakula kilianza kuungua. Matroni, ambaye alipika kwa saa kama bado analisha bweni, alisahau maharage jikoni mpaka moshi ukafika karakana. Alasiri alijifungia chumbani kwake, na Cheche alisema bibi anasikiliza mahubiri. Simu, kila Fundi alipopewa, ilikuwa karibu kuzima, ingawa yeye aliitumia robo saa tu. Na macho ya Matroni yalikuwa mekundu. Fundi aliyajua macho ya namna hiyo kwa kazi yake, ni macho ya mtu aliyetazama kitu kwa muda mrefu. Alidhani mama wa watu analia kwa siri, akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamfanya amchukie zaidi, maana si rahisi kumwonea huruma mtu anayekukalia kooni.

Jumamosi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, Matroni alikwenda dukani. Kinyozi alimwona akipita.

"Mama! Njoo uone mkweo alivyonitengenezea! Hii ni grili au ni kizimba cha kuku? Mwizi hahitaji hata kuinama!"

"Alikosea vipi kupima?"

"Hakupima! Tamthilia ilikuwa inaendelea hapa, akaiona kidogo, akatoka nduki. Hata futi yake hii hapa, wiki ya tatu sasa."

"Akaiona?"

Kinyozi alijua amesema sana. Akapangusa mkasi. "Aa, mama, ilikuwa imewaka. Macho hayana mlango."

Matroni aliichukua futi. Hakufika dukani.

Fundi alikuwa karakana, amevaa kinyago cha kuchomelea kikiwa kimeinuliwa juu ya kichwa, akikagua maungio ya geti. Mashine ilikuwa imezimwa. Cheche alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifunika madaftari yake mapya kwa karatasi. Ufunguo na msalaba viligongana mlangoni, kisha Matroni akatokea, futi mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia.

"Hii ni ya nani?"

Fundi aliitazama futi. "Yangu, mama."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Na macho yako siku hiyo yalikuwa wapi?"

Angeweza kusema hayakuona kitu. Kinyozi alikuwa mtu wa porojo, na wale wateja wawili hakuna aliyejua wanakaa wapi. Fundi alimtazama mwanawe.

"Yaliinuka," alisema. "Pumzi moja. Nikakimbia."

"Pumzi moja." Matroni alitikisa kichwa polepole. "Mwanangu naye alikuwa amebakiwa na hiyo hiyo moja."

Matroni aliiweka futi juu ya meza ya chuma, akainua simu.

"Basi usihangaike tena kwa watu. Nimekuletea nyumbani. Sehemu ya sitini na tatu. Simu yako ina kumbukumbu kuliko wewe, imeandika kabisa kwamba uliishia dakika ya kumi na nane."

Fundi alishangaa. "Mama, wewe umeijuaje?"

"Nimeitazama."

"Umetazama?"

"Nilitaka kuona ni kitu gani kilichomzidi mwanangu!" Sauti yake ilipanda mpaka mabati yakaitika. "Nikasema nitazame moja tu, nikijue, nikichukie kwa haki. Chovyachovya humaliza buyu la asali. Nimefika sitini na mbili! Mimi! Mwenye ufunguo! Nimeunguza maharage kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hayupo!"

"Bibi, si ulisema ni mahubiri?" Cheche aliuliza.

"Nyamaza wewe."

Cheche akarudia karatasi zake.

"Hii ya sitini na tatu nimeshindwa kuitazama peke yangu," Matroni aliendelea, na sasa alikuwa akilia bila kupangusa. "Tutaitazama wote wawili. Kaa hapo. Unionyeshe, ni wapi hasa palikuwa patamu. Ni neno gani walikuwa wanasema wakati mwanangu anasema maji."

Akabonyeza. Vinanda vikaanza.

Fundi aliuhisi mwili wake ukiegemea mbele. Hakuwa ameuruhusu. Wiki sita za kufunga na kuomba, na mwili ulikwenda wenyewe kama ng'ombe aliyesikia ndoo. Kioo kilikuwa kinamjia usoni mkononi mwa mkwewe, na yeye angetazama, na angekuwa na kisingizio, maana aliyemlazimisha ni hakimu mwenyewe.

Alitikisa kichwa kwa nguvu. Kinyago kikashuka, kikamfunika uso. Akapaza sauti kwa kifua chake chote:

"Macho!"

Cheche akageukia ukuta. Matroni naye akageuka, akafumba, kiganja usoni, kabla hajakumbuka kwamba mashine imezimwa. Simu ikaendelea kusema mkononi mwake, na hapakuwa na mtu hata mmoja anayeitazama.

Ndani ya kinyago cha kuchomelea, kama hakuna mwali, ni giza tupu. Fundi alisimama katika giza hilo, akisikia pumzi zake mwenyewe zikirudi usoni. Hakuona mkwe, hakuona mtoto, hakuona kioo. Pengine ndiyo sababu aliweza kusema.

"Nilisikia, mama."

"Ulisikia nini?"

"Maji. Sikuwa na hedifoni. Alipoomba mara ya kwanza nilimwambia ngoja kidogo, inakwisha. Alipoomba mara ya pili nilisikia, sikujibu. Mara ya tatu hakuomba. Nilishukuru kwamba amelala."

Vinanda vilikatika. Matroni alikuwa ameizima simu. Karatasi ya madaftari ilisogezwa na upepo.

"Najua," Matroni alisema.

Fundi aliinua kinyago.

"Hedifoni zako nilizikuta ndani ya droo ya vijiko, siku ya msiba, nikitafuta kijiko cha kukorogea uji wa waombolezaji. Zimejikunja vizuri, zina vumbi. Nikazirudisha."

"Kwa nini hukusema? Mbele ya mchungaji ungesema, ungemchukua mtoto siku ile ile."

"Nilikuwa nimekaa kitandani kwako," Matroni alisema. "Nilikaa nikingoja. Yule wa siku tisa umempita mbali, baba. Umevunja rekodi ya bweni langu."

Hakutabasamu. Fundi alivua glavu, akaziweka chini. "Mchukue. Mapatano ni mapatano. Nimetazama pumzi moja, na nimesema uongo wiki sita. Ni haki yako."

"Mnanikata kama bati?" Cheche alisema kutoka ukutani. Bado alikuwa amegeuka. "Huyu apime, huyu akate? Mimi nimemaliza kufunika madaftari ya shule ya hapa. Karatasi imekwisha."

Matroni alimtazama mjukuu wake mgongoni, kwa macho yake mekundu. Kisha alipeleka mikono shingoni, akahangaika na fundo la uzi. Msalaba akaubakiza. Ufunguo akautoa, akamvisha Cheche.

"Tangu leo mwenye sanduku ni huyu. Mimi si wa kuaminiwa, na wewe ndiyo kabisa. Akitaka kukupa akupe, akitaka kukunyima akunyime, na mimi vivyo hivyo." Alimgeukia Fundi. "Mtoto hasogei. Na mimi sisogei. Nitakaa hapa nikukalie kooni mpaka Mungu atakapochoka na mmoja wetu. Na msamaha usiniombe. Sina. Siku nikiupata utauona, sitaufunga kwa kufuli."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa. Nenda ukaongeze shibiri kwenye grili ya watu."

Alikwenda. Kinyozi alimwona anakuja na futi, akainuka mwenyewe, akazima televisheni, akashika ncha ya pili ya futi bila utani wowote.

Waliishi hivyo miaka minane. Anayedhani nyumba ile ilikuwa na amani hakuwahi kupita karibu na dirisha lake. Matroni hakuacha kumsema Fundi, kwa chumvi, kwa viatu, kwa kuchelewa kwaya, na Fundi alijifunza kujibu, wakati mwingine vibaya. Walianguka wote wawili. Mara mbili Fundi alisimama sana mbele ya duka la televisheni. Mara moja Matroni alimlaghai Cheche kwamba kuna mahubiri kutoka mbali. Kila mara aliyeanguka alisema mwenyewe, mezani, kabla hajaulizwa, maana wote walijua gharama ya kungoja. Kidole gumba cha Fundi kilitulia mwaka wa tatu. Yeye mwenyewe hakugundua, aliyegundua ni Matroni, kanisani, na alichosema ni, "Siku hizi hufuti vumbi."

Kisha Matroni akaugua. Walimlaza wadi ile ile aliyofia mwanawe, safu ya pili kutoka dirishani, na viti vilikuwa bado vya plastiki. Ndugu walisema watapokezana. Fundi alikataa kupokewa. Alikaa siku tano, mikono yake mitupu juu ya magoti, hana simu, hana gazeti, hana kitu. Wauguzi walidhani ana matatizo, mtu mzima anakaa tangu asubuhi akimtazama mgonjwa anayelala.

Siku ya tano, alasiri, midomo ya Matroni ilisogea. "Ma..."

Hakumaliza. Fundi alikuwa ameshasimama, bilauri mkononi, mkono mwingine chini ya shingo yake.

Matroni alifungua jicho moja, akamtazama kutoka juu mpaka chini kama anavyokagua bweni.

"Umechelewa," alisema.

Akanywa yote. Akaisukuma bilauri irudi mkononi mwa mkwewe, akafumba jicho.

"Nyingine."